Mganda wa Saba

Jumapili, 12 Septemba 1943

Mvua tangu Ijumaa. Viazi vya shamba la chini vimelala majini, na mdogo wangu Harmen anasema tungoje udongo ukauke. Harmen angengoja hata nyumba ikiungua, aone kwanza upepo unaelekea wapi.

Kanisani hakuna kengele ya kutuita. Wajerumani waliiteremsha majira ya baridi yaliyopita wakaenda kuiyeyusha, kwa hiyo kila mtu anafika saa aijuayo yeye. Derk Rauwerdink alifika mwisho, beji ya Chama kifuani, akakaa na mkewe Mina kwenye benchi lao. Benchi la mbele yao na la nyuma yao yalikuwa matupu. Nilifurahi kuona hivyo, na sikujilaumu hata ndani ya nyumba ya Mungu.

Rauwerdink ni jirani yetu wa shida. Hapa Elsbroek kila nyumba ina wake. Kwetu akifa mtu, sisi hatugusi kitu: ni yeye anayekuja kutangaza msiba nyumba kwa nyumba, kuleta farasi na gari, na kuwasha mabua njia panda. Kwao akifa mtu, ni sisi. Imekuwa hivyo tangu enzi za babu zetu, na mtu hachagui jirani wa shida kama asivyochagua pua yake. Lakini tangu aingie kwenye Chama cha hawa wanaowashangilia Wajerumani, na tangu asimame mlangoni kwa Heijmans, dalali wa ng'ombe, siku familia nzima ya Kiyahudi ilipotolewa nje na mabegi yao, simsalimu. Alisimama tu, kofia ya Chama kichwani. Watoto wa Heijmans walimwamkia.

Ana mtoto mmoja, Evert. Huyo naye kampeleka Urusi, kavaa sare ya Wajerumani.

Nimemwambia Harmen: tukichinja mwezi wa kumi na moja, Rauwerdink haji kumsifu nguruwe wetu. Majirani wote huja kumtazama akining'inia kwenye ngazi na kusifu mafuta yake. Kumwacha mmoja ni kumwambia kitu mbele ya wote. Ndivyo ninavyotaka.

Jumatano, 15 Septemba

Mvua. Magunia matatu ya viazi, nusu yake matope.

Alhamisi, 23 Septemba

Jana usiku ndege za mabomu zilipita tena, nyingi mno, kuelekea Ujerumani. Vikombe vilitetemeka kabatini hadi nikavitoa na kuvipanga sakafuni. Asubuhi Harmen alizama kwenye pipa la shayiri, tulimoficha redio tuliyokatazwa, akatoka na makapi masikioni.

"London wanasema zaidi ya ndege ishirini hazikurudi."

Bi Dina Kolstee alikuwa kwetu kuomba chachu. Yeye ndiye mkubwa wetu kwa umri, ndiye anayeosha maiti wote wa hapa, na sikio lake moja ni la mapambo tu, kwa hiyo hupiga kelele hata akinong'ona.

"Kila ndege ina watu wangapi?" aliuliza.

"Saba, Bi Dina."

Alianza kuhesabu kwa vidole, kisha akaacha, akachukua chachu yake akaenda zake.

Hazikurudi. Wanalitamka neno hilo kama mtu anayetaja kuku wake. Sijui kama kuna namna nyingine ya kulitamka.

Jumanne, 28 Septemba

Mvua. Mgongo unaniuma. Harmen ana mafua na anataka dunia nzima ijue.

Jumamosi, 9 Oktoba

Naandika jioni, mikono bado ina harufu ya mafuta ya ndege.

Ilikuja juu ya paa letu ikiwaka. Nilikuwa kitandani, na chumba kikawa na mwanga wa kuweza kusoma Biblia. Kisha ikaanguka shamba la chini, na madirisha yote ya upande ule yakaingia ndani. Viazi tulivyokuwa tukivingojea vikauke vilichimbwa vyote kwa mpigo mmoja.

Tulikwenda mapambazuko, Harmen na mimi. Nitaandika nilichokiona, halafu basi. Rubani alikuwa bado kwenye kiti chake, na kiti hakikuwa ndani ya kitu chochote. Watatu walikuwa pamoja, na ilikuwa vigumu kujua yupi ni yupi. Mmoja mtaroni. Wa sita alilala katikati ya viazi sukari vyetu bila hata mkwaruzo usoni, kama kibarua aliyejinyoosha baada ya chakula. Nilimwita. Ndiyo, nilimwita, mpumbavu mimi. "Amka, baba," nilimwambia.

Wa saba Harmen alimkuta nyuma ya banda la nguruwe, yu hai, ametambaa kutoka msituni, ana buti moja tu. Parachuti ilipofunguka buti la pili lilichomoka likaenda zake, na kifundo cha mguu huo kimevunjika. Harmen, ambaye hajawahi kuharakisha jambo lolote maishani, alimbeba mgongoni akampandisha dari ya nyasi kavu kabla sijafunga mdomo.

Walipofika askari kutoka uwanja wa ndege wa Wajerumani, sisi tulikuwa tumesimama shambani na mikono mitupu. Ofisa wao ni mtu mzima, macho mekundu, anachuruzika makamasi kama Harmen. Alizunguka na kuandika, kisha akasema:

"Ndege hii huwa na watu saba. Nawaona sita."

"Mmoja kasambaa, bwana," alisema Harmen. "Mtaroni kule tumeokota okota."

Ofisa alitazama mtaro, akafuta pua. "Wazikeni ninyi. Majeneza saba, Jumanne, nami nitakuwepo."

Sasa tuna mtu darini. Wakimkuta, Harmen atapigwa risasi kwenye ukuta wa banda letu wenyewe, nami nitapelekwa wanakopelekwa. Daftari hili litalala chini ya kuku mweupe, anayedonoa hata mkono wa mwenye kumlisha.

Jumapili, 10 Oktoba

Baada ya ibada wanawake walikusanyika jikoni kwetu. Swali lilikuwa moja: hawa maiti ni wa nani? Hawana nyumba hapa, hawana jirani.

"Wamefia shambani kwa Meerdink," Bi Dina alipayuka, akitaja jina la nyumba yetu. "Ni maiti wa Meerdink. Kuna la kujadili?"

"Bi Dina, jirani yetu wa shida ni Rauwerdink," nilimkumbusha.

"Nilikuwepo ubatizo wako, Aleida. Unanifundisha jirani yako nani?"

"Huyo ni mtu wao! Hawezi kuwazika watu waliokuja kuwapiga mabomu rafiki zake."

"Basi asije. Asipokuja tutajua. Akija pia tutajua."

Jirani wa shida haitwi. Huja mwenyewe. Alikuja kabla kahawa haijapoa, kama kahawa ya mizizi tunayokunywa siku hizi inastahili jina hilo. Alivaa kofia ndefu nyeusi ya misiba, ya baba yake, na kifuani hakukuwa na beji. Aliacha viatu vya mbao mlangoni akasimama na soksi, kama inavyotakiwa.

"Nimesikia hapa kuna msiba," alisema.

Kuna jibu moja tu kwa maneno hayo, na mimi ni mtoto wa hapa. "Kuna msiba, jirani. Ingia."

"Wangapi?"

"Saba," nilisema. Juu ya vichwa vyetu ubao mmoja ulilia. Harmen alikohoa, na kwa mara ya kwanza mafua yake yalitufaa.

"Gari langu linabeba wanne," alisema Rauwerdink. "Nitalifunga la Kolstee kwa nyuma." Akavaa viatu vyake akaondoka. Hakuniangalia, nami sikumwangalia. Nilikuwa na hasira na woga, na sikujua kipi ni kipi.

Jumatatu, 11 Oktoba

Harmen amegeuza ukuta wa banda la zamani kuwa majeneza. Bi Dina na mimi tumeosha walioweza kuoshwa. Kila mmoja tumemlaza juu ya mganda wa mabua ya shayiri yaliyofungwa pamoja, kama mtu wa kwetu. Mmoja alikuwa na soksi ya kijivu iliyoshonwa kisigino kwa uzi wa kijani. Kuna mwanamke mahali fulani aliyeishiwa uzi wa kijivu akasema, ah, ndani ya buti nani ataona. Nimeona mimi. Nililia hapo, si mahali pengine.

Jeneza la saba tumelijaza mchanga, na juu yake buti lililochomoka, ambalo Harmen aliliokota kwenye malisho. Bi Dina alisimama pembeni.

"Mchanga sawa," alisema. Kisha kwa sauti ambayo kwake ni ya chini: "Ila siku ile ya mabua, mkae mkijua. Mabua yakiwashwa bila maiti, yatajitafutia maiti yenyewe."

"Hayo ni maneno ya bibi yako, Bi Dina."

"Na bibi yangu alizika watu wangapi, na wewe umezika wangapi?"

Kijana wetu anaitwa Lorne. Ana miaka ishirini, anatoka Kanada. Kazi yake ilikuwa kukaa mkiani peke yake na bunduki, akitazama walikotoka. Wenzake sita walikuwa nyuma yake daima, mgongo kwa mgongo. Harmen alimweleza kwa mikono kwamba wamekwisha. Aligeukia ukuta.

Jumanne, 12 Oktoba

Tumezika. Mvua ilikatika alfajiri, na hewa ikawa kavu yenye baridi.

Rauwerdink aliendesha, kofia ile ile kichwani, farasi wake wawili wakivuta magari mawili. Alisaidia kupakia, akashika kila jeneza upande wa kichwa. La mchanga Harmen alilipima vizuri, zito kama mtu. Ofisa na askari wake kumi walitungoja njia panda, bunduki begani, kuwapa heshima. Ni lazima niandike kwamba walisimama vizuri.

Njia panda iko mbele ya lango la Rauwerdink. Hapo msafara husimama, na ule mganda maiti alioulalia huwekwa kando ya njia uwashwe, moto na moshi viende zake, na maiti abaki atulie kaburini. Bi Dina alikuwa ameileta miganda hiyo kwa toroli na kuipanga mstari. Rauwerdink alishuka, akatoa kiberiti kwa mkono wa kushoto, kama afanyavyo kila kitu. Akainama. Kisha akatulia.

Nikatazama alikotazama. Miganda sita.

Tuliosha sita, tukalaza sita, tukafunga sita. Mikono yetu ilifanya ilichozoea kufanya, maiti mmoja mganda mmoja, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuidanganya. Magari yamebeba majeneza saba, na kando ya njia kuna miganda sita, mbele ya macho ya mtu pekee mwenye beji ya Chama hapa Elsbroek.

Ofisa hakuona kitu. Kwake yalikuwa majani tu. Lakini Rauwerdink aliinua kichwa, akatazama majeneza, akanitazama mimi. Kijiti cha kiberiti kiliwaka hadi kikafika vidoleni. Akawasha kingine, akachoma yote sita, akapanda gari.

Kaburini mchungaji alisoma majina sita aliyopewa na ofisa na wa saba akamwita "mwenzao anayejulikana na Mungu." Hapo alisema kweli.

Jumatano, 13 Oktoba

Kavu. Sikulala.

Harmen anasema twende tukaongeze mganda wa saba. Nani aende? Njia panda iko chini ya dirisha la Rauwerdink, na ana mbwa anayebwekea hata kivuli chake. Tena mganda huwashwa na jirani wa shida tu. Nikikutwa pale na kiberiti nitakuwa nimejibu swali kabla halijaulizwa. Tunataka mvua, inyeshe iyafute majivu yale yote yawe tope moja. Mwezi mzima imetunyeshea viazini bila kuombwa, leo imegoma.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lorne amemenya viazi darini. Anamenya kinene mno.

Alhamisi, 14 Oktoba

Kavu, jua kabisa. Majivu sita mstari mmoja, nimeyaona nikipeleka maziwa. Rauwerdink alikuwa langoni akirekebisha bawaba. Kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huu utatua kichwani kwa Harmen.

Mchana Wajerumani wamekuta parachuti msituni, imefunguka, imenaswa mtini. Askari wanapekua mazizi ya upande wa kaskazini.

Mtu wa gari la maziwa atakayemtorosha Lorne hawezi kuja mpaka wiki ijayo, na mguu haukanyagi.

Ijumaa, 15 Oktoba

Kavu. Nimemchukia Rauwerdink leo kuliko siku zote, kwa sababu anaweza kutuua akiwa ameketi kitini kwake anakunywa supu. Nimewaza hata kumwendea nimpigie magoti. Mimi, kwa yule! Nimekoroga siagi mpaka imekuwa ngumu kama sabuni.

Jumamosi, 16 Oktoba

Alikuja Stegeman, polisi wa mjini, naye mtu wa Chama, kwa baiskeli. Ubaya wa Stegeman ni kwamba mama yake alizaliwa kilomita tatu kutoka hapa.

"Dada Aleida," alisema, akikaa bila kukaribishwa, "Wajerumani wamehesabu majeneza. Wameridhika. Wajerumani ni watu wa kuhesabu masanduku."

"Na wewe je?"

"Mimi mama yangu alinilea vizuri. Masanduku hujazwa hata mawe. Lakini hakuna mtu wa Elsbroek atakayewasha mabua ya mtu anayepumua. Au nakosea?"

Harmen aliweka kijiko mezani polepole.

"Twende njia panda sote," alisema Stegeman. "Mvua haijanyesha. Bahati, eh?"

Sijui miguu yangu ilifikaje huko. Nakumbuka nilifunga mlango wa jikoni kwa ufunguo, jambo ambalo hatufanyi kamwe, na nikafikiri: mjinga, anaona. Harmen alitembea upande wangu akiwa amenishika kiwiko, kitu ambacho hajafanya tangu tumzike mama. Nilimwomba Mungu amchukue Harmen kwa haraka, asiteseke. Hayo ndiyo niliyoomba. Sikuweza kuomba zaidi.

Stegeman aliegemeza baiskeli kwenye uzio wa Rauwerdink akaanza kutembea kando ya mstari, akinyoosha kidole. Moja. Mbili. Tatu. Nilikuwa nimefumba macho. Nne. Tano. Sita.

"Saba," alisema.

Nilifumbua. Yalikuwa mafungu saba ya majivu. La mwisho lilikuwa jeusi kama mengine, na umande juu yake kama mengine.

Rauwerdink alitoka zizini na ndoo. "Kuna nini hapa, Stegeman?"

"Nahesabu mabua, Derk. Wewe ndiye uliyewasha?"

"Mimi ndiye jirani wa shida. Ulitaka awashe nani, mama yako?"

"Mingapi?"

"Hujui kuhesabu mpaka uje kuniuliza mimi? Na hiyo baiskeli iondoe kwenye uzio wangu, nimeupaka rangi juzi."

Stegeman aliondoa baiskeli. Alisema parachuti huweza kufunguka yenyewe mtu akiwa amekufa tayari, na sisi tukasema bila shaka huweza. Alipokwisha kuondoka, Rauwerdink alikuwa ameshaingia zizini na mlango umefungwa.

Jumapili, 17 Oktoba

Mvua. Sasa ndiyo inakuja, baada ya kazi kwisha.

Kabla haijaosha kila kitu nilipita njia panda. Pembezoni mwa majivu ya saba kulikuwa na kipande cha ukanda wa mabua unaofunga mganda, kilichonusurika moto. Sisi wote tunausokota ukanda huo kwenda kulia. Hiki kilisokotwa kushoto.

Nilikiweka mfukoni. Sijui niwaze nini. Mtu aliyesimama mlangoni kwa Heijmans. Mkono ule ule. Ningependa awe mbaya moja kwa moja, ningepata usingizi.

Nilimwonyesha Bi Dina. Alikishika muda mrefu.

"Derk anaamini mambo ya mabua kuliko hata mimi," alisema, na safari hii alinong'ona kweli. "Mama yake alimlea hivyo. Alijua anafanya nini."

Jumapili, 24 Oktoba

Lorne ameondoka ndani ya gari la maziwa, kati ya madumu. Aliacha magongo aliyotengenezewa na Harmen. Mlangoni alitaja majina sita, moja moja, taratibu, ili tuyakamate. Harmen anayarudia akikamua ng'ombe.

Jumatano, 27 Oktoba

Viazi vya shamba la juu vimekwisha kuchimbwa. Vibaya.

Jumanne, 9 Novemba

Tumechinja. Nguruwe alining'inia kwenye ngazi mbele ya banda, na Harmen aliniuliza, "Dada, tumwite?"

"Nilishasema nini Septemba?"

"Ndiyo maana nauliza."

Nilikwenda mwenyewe. Derk na Mina walikuja wakasimama pembeni, na majirani wengine wakageuza migongo. Derk alimgusa nguruwe ubavuni, akasema, "Vidole vinne vya mafuta," ambacho ni kiwango cha heshima. Nilimpa glasi ya pombe kali kama wengine.

"Evert ameandika?" niliuliza.

"Tangu Agosti, hapana."

Hayo tu. Majirani wamenuna, na Bi Dina ameniambia kwa sauti ya kusikika hadi mjini kwamba sijakosea.

Sijamsamehe. Nataka iandikwe hivyo. Nyumba ya Heijmans bado ni tupu.

Ijumaa, 19 Novemba

Ndege zinakwenda Berlin sasa, Harmen anasema. Vikombe nimeviacha sakafuni moja kwa moja. Redio: hazikurudi. Siku hizi nikilisikia neno hilo naona soksi.

Jumamosi, 27 Novemba

Mina Rauwerdink amefunga vibao vya madirisha mchana. Postamasta amesema ilikuja barua yenye mhuri wa jeshi. Evert amefia karibu na mto fulani wa Urusi ambao hakuna hapa awezaye kuutamka.

Nilipita kwa majirani kuuliza nani atakwenda kuomboleza. Wote walikuwa na jibu moja.

"Alivaa sare yao," alisema mke wa Lieftink. "Wao ndio wamlilie. Mimi sifungui mlango kwa msiba ule."

Hakuna kengele. Na nyumba ya msiba haijitangazi, hungoja jirani wa shida aje. Asipokuja, hukaa hivyo hivyo, vibao vimefungwa, na msiba wao unabaki kana kwamba haukutokea.

Jumapili, 28 Novemba

Nilivaa nyeusi. Harmen alikuwa ameshapiga viatu vyangu vya mbao rangi bila kuombwa.

Niliacha viatu vya mbao mlangoni kwao nikasimama na soksi. "Nimesikia hapa kuna msiba," nilisema.

Derk alikuwa ameketi mezani, mikono mbele yake kama vitu vya mtu mwingine. Mina ndiye aliyejibu, "Kuna msiba, jirani. Ingia," kisha akashindwa kusimama, nikamshika.

"Nilijua yatamtafuta mtu," alisema Derk. Mara ya kwanza tulizungumzia jambo lile, na ya mwisho. "Nilipowasha nilijua."

"Ni Warusi, Derk. Si mabua."

"Najua," alisema. "Najua." Lakini hakuwa akijua, niliona, na hatajua mpaka kufa kwake.

Hapo ndipo nilipomlilia, yeye na si mtoto wake. Kisha nikaenda nyumba kwa nyumba, kabla mvua haijafika, nikagonga kila mlango kwa maneno yale yale: "Nimetumwa na nyumba ya Rauwerdink kuwatangazia kwamba Evert amefariki." Kwa Lieftink hawakufungua. Niliyasema kwa mlango, yote, mpaka mwisho. Kwa Kolstee Bi Dina alikuwa tayari amevaa shali.

"Umechelewa," alisema.

Maiti hayupo wa kulazwa. Kalala mbali, na kama waliomwosha ni watu wema hatutajua. Lakini mganda ni haki ya nyumba. Niliuchukua ghalani kwetu, mabua makavu, marefu, nikakaa juu ya ndoo kuufunga. Mikono ilianza kusokota kulia, yenyewe. Nikaufungua nikaanza upya, kushoto, kama Derk alivyoufunga ule wa saba. Ulinisumbua, ulifumuka mara nyingi, na Harmen alisimama na taa bila kuniharakisha.